Lulu za Maji Baridi

Mwuza vito alikuwa akiutia mkufu uzi mpya, kabla ya kumpelekea mteja aliyeutaka kwa harusi, alipoinua lulu moja kwenye taa na kuchungulia tundu lake. Lulu ya bahari inayofugwa hutiwa punje ndani, na ukichungulia huuona mpaka wa punje hiyo kama mstari mwembamba. Hapa hapakuwa na mstari. Akachungulia nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa za maji baridi, za mitoni na ziwani, za bei ya chini, naye alizitangaza mtandaoni kuwa za bahari kwa kumwamini aliyemuuzia.

“Nani atachungulia matundu harusini?” dada yake aliyeketi kando akamcheka.

“Harusini, hakuna. Siku uzi ukikatika, sonara atachungulia, na jina langu litakatika nao.”

Akampigia mteja, mama wa bibi harusi.

“Mama, niwie radhi. Lulu zile si za bahari. Nitakurudishia pesa zako zote.”

Mama akaangua kicheko.

“Mwanangu, umenitua mzigo! Nilizinunua kwa kushindana na wifi yangu, na baba watoto amenuna mpaka leo kwa ile bei. Nilitaka kughairi, nikakosa pa kuanzia. Hizo za maji baridi, bei gani?”

Alipotajiwa, alishusha pumzi ndefu.

“Basi nifungie hizo hizo.”

“Na wifi akiuliza?”

“Nitamwambia za maji baridi, baridi kama roho yangu ilivyo sasa!”

Mwuza vito akarekebisha tangazo, akaushika uzi tena. Lulu moja baada ya nyingine ikaingia uzini.