Doa la Damu Halitaki Maji ya Moto

Dobi wa hospitali hakuwa na mpinzani kwa madoa. Wauguzi walimtania kwamba akiamua anaweza kufua hata dhambi. Basi Jumapili moja asubuhi, alipomkuta binti yake mkubwa, mtoto wa miaka kumi, uani akisugua shuka kwa maji ya moto, alielewa kabla hajauliza. Maji yalikuwa yameshaipika damu ndani ya kitambaa.

Alipaswa kukaa chini amweleze mtoto yaliyompata. Mama wa kumweleza hakuwepo. Alifariki miaka mitatu nyuma akijifungua, yeye na kichanga chake, damu ikakataa kukata, na mashuka yake aliyafua dobi huyu huyu, hapo hapo uani, watoto wakitazama. Lakini mwanamume mzima akamwonea haya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Ulimi ulimwia mzito kwa jambo hilo tu. Kwa kazi yake ulikuwa mwepesi. Akaeleza kwamba doa la damu halitaki maji ya moto, kwamba shuka unaliloweka kwenye maji baridi yenye chumvi, kisha unapaka sabuni ya mche na kufikicha taratibu. Nusu saa nzima alifundisha, na alifundisha vizuri. Damu yenyewe ilitoka wapi na kwa nini, hakutia neno. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Anika ndani, watu wasione," alimalizia, akaenda zake kunywa chai.

Mwezi uliofuata hakuona shuka, wala mwezi wa pili. Akajisifu moyoni kwamba anajua kulea. Mjinga mkubwa.

Mwezi wa tatu alimwona binti mdogo, wa miaka sita, akiburuza viatu vya dada yake vilivyojazwa magazeti. Akamuuliza kavitoa wapi.

"Dada kanipa. Na begi kanipa. Amesema anamfuata mama, nisilie."

Dobi alimwita mkubwa akamwambia yote, harakaharaka, macho ukutani: kwamba si ugonjwa, kwamba msichana akianza kukua, tumbo la uzazi hujitandika kila mwezi kungoja mtoto, na mtoto asipokuwepo, matandiko yale hutoka kama damu, kwamba mama yake alipata hivyo, na shangazi, na mwalimu wake, kwamba kilichomuua mama ni kingine kabisa. Maelezo yote yalichukua dakika tano.

Msichana alisikiliza bila kulia.

"Siku ile uliponikuta na shuka, ulikuwa unajua kwamba siumwi?"

"Nilijua."

"Na mimi miezi mitatu nalala nangoja kufa."

Binti hakumngoja ajibu. Alimshika mdogo wake mkono, akamketisha kitandani, akaanza kumweleza toka mwanzo, polepole, akirudia kila alipoona hajaelewa. Dobi aliposogea mlangoni, mkubwa aliinua macho.

"Namwambia sasa hivi, baba," alisema. "Nikikuachia wewe, utamfundisha kufua."

Kisha akainuka, akafunga mlango.