Kigari cha Mafuta ya Nyonyo

Mogesi alimimina mafuta kidogo kidogo kwenye tangi la kigari chake. Bwana wa mgodi, aliyefuliwa nguo na Mogesi miaka minne pale Kemambo, alisimama na wageni wake akitabasamu.

"Unatia nini humo?"

"Petroli, Bwana. Na nyonyo ya mama."

Wageni wakacheka. Mafuta hayo ya mbegu za nyonyo mama yake aliyakamua kwa ajili ya kulainishia ngozi za ng'ombe.

Mzungu na michezo yake! Bwana alikuwa na vigari vitatu vya mashindano, kila kimoja urefu wa mkono mpaka kiwiko, vyenye injini za kweli. Alivifunga kwa waya kwenye nguzo ya chuma, vikazunguka juu ya saruji vikinguruma mpaka mbwa wakakimbia. Cha nne kilikuwa cha Mogesi. Injini aliiokota jalalani kwa ruhusa, bodi akaichonga mwenyewe kwa mti, na mwaka mzima wa 1954 aliomba kukikimbiza. Leo Bwana alikubali, tena mbele ya wageni: akishinda, aache kufua, aingie karakana ya mgodi.

"Wewe Mogesi," mpishi Simioni alimnong'oneza, "umewahi kuona fahali wa maskini akimpiga wa tajiri, kisha kukawa na amani?"

"Niache, ndugu yangu."

Kigari cha Bwana kilikuwa kimeshakimbia. Mizunguko ishirini, sekunde kumi na tisa.

Mogesi alikisukuma chake kwa fimbo. Kikakohoa, kikakohoa tena, kikashika. Aisee! Hakikuonekana tena, ni moshi tu na mlio. Harufu ya nyonyo ikajaa uwanja. Simioni akasahau maneno yake, akawa anahesabu mizunguko kwa Kikurya, kwa sauti kubwa, akirukaruka.

Kwenye wa ishirini Bwana alibonyeza saa yake ya kupimia mbio. Akaitazama. Akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Saa imekufa," alisema. "Bahati mbaya, Mogesi."

"Basi turudie, Bwana."

"Wageni wana njaa."

Simioni alitazama chini. Wageni wakaanza kuelekea mezani.

Bwana akampa Mogesi sinia ya glasi chafu, akaiweka saa katikati yake, airudishe ndani.

Barazani, peke yake, Mogesi aliibonyeza. Mshale ukaanza kutembea, tiki tiki, bila kasoro yoyote. Alisimama na sinia yake akiutazama, ukamaliza duara, ukaanza jingine, mpaka mezani wakamwita alete chumvi.