Nyeusi ya Mjomba Prodromos

Kwenye ukuta wa banda la klabu yetu pana ubao. Umeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi nene kama mabata: "Melisiakos, klabu ya wakimbizi. Nyeusi ni maombolezo ya nchi tuliyoipoteza, rangi iliyochaguliwa na waasisi." Wageni wakija kutoka Larisa husimama mbele yake wakavua kofia. Mmoja alilia. Mimi nilikuwa nyuma yake nimembeba binti yangu Lemonia, nikajifanya namfuta mtoto kamasi ili nisionekane nacheka.

Waasisi hawakuchagua kitu. Saa ile rangi inachaguliwa, waasisi walikuwa mkahawani wanatupa dado. Rangi aliichagua mama mkwe wangu, kwa mwiko, ndani ya sufuria ya kuchemshia nguo, kwa ajili ya maiti ambaye hata hakuwa amekufa.

Ilikuwa mwaka wetu wa tatu tangu tuwakimbie Waturuki tukashushwa gatini Volos na mabunda yetu kichwani. Nea Melisi ulikuwa mtaa wa mabati na matope, na wenyeji wa mjini walituita mbegu za Waturuki, waliobatizwa kwa mtindi, yaani si Wakristo wa kweli. Wanaume wetu wakaona dawa ya matusi hayo ni mpira. Si maji ya bomba majumbani, si daktari. Mpira. Wakakutana mkahawani mara tisa kujadili jina, na mara ya kumi wakamchagua mwenyekiti: Bwana Aristoklis, kwa sababu alikuwa na kalamu yenye kifuniko cha dhahabu mfukoni mwa koti na gazeti kwapani. Gazeti alilibadilisha mara moja kwa wiki. Kalamu hakuna aliyewahi kumwona akiitoa.

Chama cha mpira cha mjini kilisema timu haiingii uwanjani bila jezi kumi na moja zinazofanana. Hapo ndipo waasisi walipokumbuka kwamba mtaani kuna wanawake. Bwana Aristoklis akatufuata kwenye bomba moja la mtaa mzima.

"Mabinti," akasema, "klabu inawahitaji."

"Klabu ina miguu ishirini na miwili," akajibu Tarsi, jirani yangu mwenye ulimi kama sindano ya kushonea magunia. "Sisi wa nini?"

"Jezi. Nyeupe, kola ya buluu. Rangi za taifa."

"Na kitambaa kitatoka wapi, Mwenyekiti? Utatuvulia suruali?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiri. Jioni tatu kwa wiki nilikuwa nasoma kwa Mwalimu Polyxeni, katika stoo ya kanisa, sisi wanawake kumi na wanne pamoja na watoto wetu. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kusoma maandishi ya chapa kwa kidole. Lakini padri alitaka stoo yake aweke mafuta na mishumaa, na Mwalimu alikuwa ametuambia kwa huzuni kwamba tukikosa chumba hadi sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, atakubali kazi shule ya mjini. Nilitaka kusoma kama mwenye kiu anavyotaka maji. Nilitaka Lemonia akue amuone mama yake ameshika kitabu.

"Nina mashuka manne ya kitani," nikasema. "Ya mahari yangu. Mama aliyabeba mgongoni siku tuliyokimbia. Nitayakata. Lakini banda mnalojenga uwanjani, jioni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa liwe letu, la darasa."

Bwana Aristoklis akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akisali. "Shemeji Anatoli, bado tu unahangaika na ngumbaru yako? Mwanamke akijua kusoma, nani atakoroga uji?"

"Nitakoroga kwa mkono huu, nisome kwa jicho hili. Unakubali au hukubali?"

Akakubali. Aliweka mkono kifuani, juu ya kalamu, akaapa mbele ya bomba zima.

Tulishona majuma mawili. Nilipofumua lesi ya mama pembeni mwa mashuka nililia kidogo, kisha nikamvalisha Lemonia ile lesi shingoni, akaila. Ijumaa jioni jezi kumi na moja zilikuwa tayari, zimekunjwa juu ya kiti nyumbani kwangu, nyeupe kama theluji ya mlima Pilio. Nikaenda darasani nikiimba.

Nilipotoka tu, barua ikafika kutoka Marseille, anakofanya kazi ya kiwanda cha sabuni Mjomba Prodromos, kaka wa mama mkwe wangu Makrina. Bahasha ilikuwa na ukingo mweusi. Na ukingo mweusi kila mtu anajua ni nini: msiba. Mama Makrina hajui kusoma, akamwita mtu anayejua: Bwana Aristoklis. Akaja na kalamu yake. Akafungua bahasha, akaikodolea macho karatasi muda wa kuchemka kahawa, akavua kofia.

"Makrina, dada yangu," akasema, "uwe na moyo. Prodromos ametutoka. Amekufa kama simba."

"Alisema nini mwishoni?"

"Alilitaja jina lako. Na la klabu."

La klabu! Klabu iliyoanzishwa Agosti, mtu yuko Marseille tangu kabla ya vita.

Basi Mama Makrina akafanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu hufanya akifiwa: akawasha moto, akamimina unga wa rangi nyeusi sufuriani, na kila nguo iliyokuwamo nyumbani ikaingia. Sketi, vitambaa vya kichwa, soksi za Savvas mume wangu, gauni langu moja la Jumapili. Alikuwa analia, haoni, anazoa tu na mwiko. Akazoa na zilizokuwa juu ya kiti.

Nilirudi nikazikuta zinatona kwenye kamba, kumi na moja, nyeusi tii, mikono imening'inia kama kunguru walionyongwa. Nilikaa chini matopeni na mtoto wangu. Mama Makrina alikuwa amekaa pale pale, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Mwanangu," akasema, "sikuziona. Wallahi sikuziona." Tulio wa ng'ambo tukiumia tunaapa hata kwa maneno ya jirani Mturuki tuliyemwacha.

Nikamwosha mikono.

Bwana Aristoklis alipokuja kesho yake alifoka hadi masharubu yakasimama. "Mmetuaibisha! Tulikubaliana nyeupe na buluu. Mkataba umevunjika. Banda hampati!"

"Mwenyekiti, nyumba ina msiba. Wewe mwenyewe ndiye uliyeleta habari."

"Msiba ni wa nyumba, banda ni la klabu."

Mume wangu Savvas, golikipa, mtu mwenye mikono kama makasia, alikuwa amesimama pembeni anatazama viatu vyake. Nilimpenda sana mume wangu, na dakika ile nilitamani kumtia sufuriani.

Kitambaa kingine hakikuwapo, kwa hiyo wakacheza na nyeusi. Mechi ile ya kwanza ndiyo ambayo sasa wanaiita tukufu. Niacheni niwaambie. Iliangukia siku ya tisa ya msiba wa Mjomba, na Mama Makrina alikuwa amepika ngano ya wafu, ile inayoliwa kwa kumwombea marehemu, sinia zima, yenye mdalasini, zabibu na makomamanga matatu. Wachezaji walipitia nyumbani kumwombea marehemu. Walimwombea kwa vijiko. Wakaingia uwanjani matumbo yamejaa, wanatembea kama majogoo wa sikukuu, na mabwana wa mjini wakawafunga mabao matano kwa moja. Hilo moja letu lenyewe, golikipa wao aliteleza kwenye kinyesi cha punda.

Lakini alikuwapo mwandishi wa gazeti la mjini. Akamuuliza mwenyekiti kwa nini timu imevaa nyeusi. Na Bwana Aristoklis, ambaye wiki moja kabla alikuwa anafoka, akaweka mkono juu ya kalamu akatazama baharini.

"Bwana," akasema, "sisi tumechagua nyeusi. Mpaka turudi kwetu."

Mwandishi akavua kofia. Ndivyo historia inavyozaliwa, jamani. Mimi nimezaa, najua uchungu wa kuzaa. Historia inazaliwa bila uchungu wowote.

Zikabaki siku kumi kufika Mtakatifu Dimitri. Mwalimu Polyxeni alikuwa ameanza kufunga vitabu vyake kwa kamba. Nyumbani kwetu maandishi yalikuwa mamoja tu, ile barua, ambayo Mama Makrina aliiweka nyuma ya sanamu ya Bikira. Nikaomba ruhusa nijizoeze kwayo. Nilijiambia, angalau nijue kaka wa watu alikufaje. Kila jioni, Lemonia ananyonya, mimi kidole kwenye karatasi. Mwandiko wa mkono ni mgumu kuliko wa chapa. Herufi zinashikana kama walevi. Siku ya kwanza nilipata neno moja: "Dada." Siku ya pili: "Dada yangu Makrina." Siku ya tatu nikapata mstari mzima, nikausoma mara nne, kisha nikamtoa mtoto titini akapiga kelele.

"Dada yangu Makrina, mimi ni mzima na nimenenepa."

Nikasoma mpaka mwisho, jasho linanitoka. Bahasha alipewa na mama mwenye nyumba, mumewe amefariki, bahasha za msiba zimembakia. Tena alikuwa anaomba tumpelekee tini zilizokaushwa.

Basi kalamu ile, gazeti lile, amekufa kama simba! Bwana Aristoklis alisoma kile tu ambacho hata kuku angekisoma: ukingo.

Sikumwambia mtu. Jumapili baada ya misa nilimweka Lemonia kiunoni nikaenda banda la klabu. Wote walikuwapo, na mchora mabango juu ya ngazi, na mwenyekiti anamtajia maneno ya ubao: "waasisi, waasisi iwe kubwa."

"Shemeji," akasema aliponiona, "leo ni kikao."

"Najua, Mwenyekiti. Mama amenisumbua tu." Hapo nilidanganya, Mungu anisamehe. "Anataka asikie tena maneno ya mwisho ya kaka yake. Nimekuja na barua. Utusomee, na hawa wote wasikie, maana aliitaja klabu."

"Soma, Mwenyekiti!" wakasema wanaume. "Soma! Na hilo litie ubaoni!"

Akaishika karatasi. "Miwani yangu..."

"Chukua yangu," akasema mwenye mkahawa.

Akavaa. Nikasogea karibu, nikaweka kidole changu kwenye mstari wa kwanza, kidole changu cha sabuni na rangi nyeusi isiyotoka kuchani. "Kuanzia hapa," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimeshaanzia hapa. Nimefika mwisho."

Aliinua macho. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa vile, hata gatini siku tuliyokimbia. Nilikuja nimejaa dharau hadi shingoni, nimeandaa maneno ya kumvua nguo mbele ya kikao kizima. Lakini Lemonia akanyoosha mkono akashika kalamu ya dhahabu mfukoni mwake, akaing'ang'ania. Nikamfungua mtoto vidole kimoja kimoja, nikairudisha kalamu mahali pake.

"Barua ya msiba," akasema mwishoni, akakohoa, "haisomwi kwenye kikao. Ni ya nyumbani. Bi. Anatoli ataisoma nyumbani. Yeye... yeye anajua kusoma vizuri." Akatoa ufunguo wa banda kwenye mnyororo wa saa. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Niliapa."

"Aliapa!" wakasema wanaume, kana kwamba wao ndio waliokumbuka. Savvas akapiga makofi. Sasa ndio anaamka!

Nyumbani nilimsomea Mama Makrina neno kwa neno. Alilia, akacheka, akaibusu karatasi, kisha akapigwa na wazo.

"Na ngano yangu? Makomamanga matatu! Wamekula sinia zima la mtu mzima wa afya!"

"Mama, nakuomba, usiseme bombani mpaka Jumatatu ipite."

Alinyamaza siku moja na nusu, ambayo kwake ni Kwaresima nzima. Nguo nyeusi alikataa kuzivua. Alisema rangi nzuri haitupwi, na Prodromos kwa unene ule hatachukua muda kufa kweli.

Jumatatu tuliingia bandani, wanawake kumi na wanne, watoto tisa, na jezi nyeusi zinakauka misumarini juu ya vichwa vyetu. Mwalimu Polyxeni akafungua kamba za vitabu. Bwana Aristoklis naye alikuja, kulinda taa isiunguze klabu, alisema. Akakaa nyuma, juu ya sanduku la mipira.

"Leo tunamwandikia barua mtu tunayempenda," akasema Mwalimu. "Nani ana kalamu?"

Tarsi akageuka nyuma. "Mwenyekiti anayo, tena ya dhahabu."

Akaitoa, hakuwa na njia. Mwalimu akaifungua, akaijaribu kwenye karatasi. Kavu. Haijawahi kuonja wino tangu izaliwe. Tarsi alivuta pumzi ya kusema neno, nikamkanyaga mguu. Mwalimu aliijaza kutoka kichupa chake cha wino, akaipangusa, akamrudishia pamoja na karatasi. "Wewe anza na jina lako tu," akamwambia, na akaja mbele kwetu.

Mimi nilimwandikia Mjomba Prodromos kwa penseli. Nilimwambia tini zitakuja, na kwamba alizikwa vizuri sana, na timu nzima ilimla.

Ubao bado upo. Nausoma kila nikiingia darasani, na kila mara kicheko kinanipanda. Ila siku hizi nakimeza, maana pale nyuma, juu ya sanduku la mipira, kuna mtu mwenye vidole vya wino aliyefika herufi ya tano ya jina lake, na sitaki ashtuke akakosea.