Kinyozi na Kidoa cha Kasuku

Baba yake Kasuku alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa kusifiwa. Kila baada ya wiki mbili alimkalisha bintiye kwenye kiti kirefu akamnyoa, na mtoto, mwenye miaka kumi na miwili, aliongea tangu mashine inapowashwa mpaka inapozimwa. Ndiyo maana walimwita Kasuku.

Nyuma ya sikio lake kulikuwa na kidoa cheusi. Kinyozi alikizunguka kwa ncha ya mashine bila kukigusa, na kusema kweli alijivunia mkono wake. Kidoa kikapanuka, naye akapanua mzunguko. Ndio ujinga wa mafundi huo: jambo wakiweza kulipita vizuri, wanaona limekwisha. Siku kilipotoa damu, alijua fika kwamba hakukikwaruza. Akapaka spiriti, akanyamaza.

Shangazi mtu ndiye aliyemkokota Kasuku hospitali. Kipande kikakatwa, kikapimwa. Ilikuwa saratani ya ngozi.

"Kilianza kubadilika lini?" daktari aliuliza.

"Hatukuona," mama alijibu.

Kinyozi angenyamaza, nani angejua?

"Mimi niliona," alisema. "Nimemnyoa mara kumi na nne kikiwa kinakua. Mara ya kumi na moja kilitoa damu."

Mkewe alimgeukia. Daktari aliandika yote, akasema yatamsaidia. Vipimo havikuonyesha kwamba imesambaa, na Alhamisi wangekikata pamoja na ngozi ya pembeni. Lakini kinyozi alikuwa akimtazama Kasuku, na Kasuku alikuwa akitazama sakafu. Kwa siku tatu mtoto yule hakumsemesha baba yake, na nyumba ikawa haikaliki. Kinyozi aliona amempoteza hata kabla ya kisu.

Alhamisi muuguzi alikuja wodini na mashine ya kunyolea. Kasuku akakwepesha kichwa.

"Samahani, dada. Kichwa hiki kina mwenyewe." Akageukia mlangoni. "Baba, njoo bwana! Mbona umesimama kama mgeni?"

Muuguzi akacheka, akampa mashine. Kinyozi alinyoa polepole, safari hii mpaka kwenye ukingo wa kidoa, machozi yakimdondokea mtoto begani.

"Baba, unanilowesha."

"Nisamehe, mama. Nisamehe kwa yote."

"Nilishakusamehe juzi," alisema Kasuku. "Ila nilikuwa bado nimenuna."