Kidole Kisichokauka

Siku Fundi Kufuli alipopokelewa gerezani, karani wa mapokezi aliandika daftarini vitu ambavyo mfungwa huyo hakuwa navyo, kwa kuwa orodha ya alivyokuwa navyo ilikwisha upesi mno. Hakuwa na mkanda wala kamba za viatu, vilibaki polisi. Hakuwa na saa. Hakuwa na jino moja la mbele, upande wa kushoto. Hakuwa na kitambulisho, hakuwa na wakili, hakuwa na mtu wa kumletea sabuni. Karani akauliza kama kuna kingine. Kufuli akasema hakuna. Kilibaki kimoja, kwamba hakujua kusoma, lakini hilo alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwa miaka hamsini na miwili, na hakuona sababu ya kuanza na karani.

Alichowazidi wenzake ni wino. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cha zambarau tangu alipokibonyeza kwenye karatasi kituoni, na wino huo haukutoka kwa sabuni, wala kwa majivu, wala kwa kusuguliwa na mchanga. Nyapara wa selo alikitazama kidole hicho, akasema atazoea, kisha akamwonyesha mahali pa kulala.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa kufuli na funguo, na watu walikwisha kusahau jina lake la kuzaliwa. Alibadilisha kufuli ya ghala moja la saruji, akamkabidhi mtunza ghala funguo zote tatu, akaenda zake. Wiki mbili baadaye ghala lilikutwa tupu, na kufuli haina hata mkwaruzo. Mtunza ghala akasema fundi lazima alichonga ufunguo wa nne.

Kituoni, mpelelezi aliandika kurasa mbili, akamsogezea asome na kutia sahihi. Hapo ndipo Kufuli alipofanya kosa lake, nalo lilikuwa kosa la mtu aliyelizoea. Aliishika karatasi mbali kidogo na uso, akakunja paji, akapeleka macho mstari kwa mstari kwa ule mwendo aliojifunza kwa kuwatazama watu benki. Aligeuza ukurasa palipostahili kugeuzwa. Katikati ya ukurasa wa pili alisonya, kama mtu aliyekuta neno lisilompendeza, kisha akatikisa kichwa kukubali. Alipopewa kalamu alisema pingu zimemuumiza vidole, afadhali aweke dole gumba. Mpelelezi akamsogezea kidau cha wino.

Mahakamani maelezo yale yalisomwa kwa sauti. Yalisema kwamba yeye, kwa mkono wake, alichonga ufunguo wa nne na kulifungua ghala. Yalimalizia: "Maelezo haya nimeyasoma mwenyewe, nikayaelewa, na ni ya kweli." Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa amekaa benchi la pili. Aliposikia sentensi hiyo ya mwisho alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Alimjua baba yake kuwa mtu asiyeweka mkono juu ya kitu ambacho hajakisoma. Kufuli alipewa miaka saba, na binti hakuja kumwona hata mara moja.

Mwaka wa tatu gereza lilifungua darasa katika karakana ya zamani ya useremala, baada ya hesabu ya mchana. Aliyefundisha alikuwa mfungwa mwenzao, mwalimu mkuu wa zamani, mtu mkavu mwenye sauti ya kengele. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja na kalamu ilikuwa moja, imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikatoroka. Siku ya kwanza Mwalimu aliwaambia kwamba wanaojua hawahitaji, wangeweza kurudi selo wakalale. Aliwataka wasiojua. Nani hajui kusoma?

Watu wazima kumi na mmoja wakatazama dari. Kufuli alisikia mkono wake ukipanda kabla hajaupa ruhusa.

"Mimi sijui," alisema.

Tone la wino likadondoka kutoka kwenye kidole chake, likatua mezani, bichi, la zambarau. Mwalimu akalitazama. Akaokota kibanzi cha mbao sakafuni, akachovya, akaandika herufi ya kwanza kwenye ubao wa boksi.

"Na mwingine?" akauliza.

Haikuchukua wiki darasa kuelewa utaratibu wa kidole kile. Kufuli akijifanya anajua, kilikauka kama udongo wa kiangazi. Akisema hajui, na kweli hajui, kilitoa tone. Tatizo la kalamu likawa limekwisha. Kila mtu alichonga kijiti chake, na kazi ikawa kumtafutia Kufuli mambo asiyoyajua. Walimsubiri uwanjani kwa maswali, kila mmoja na kizibo chake cha kukingia wino mkononi.

"Kufuli, nyangumi ananyonyesha?"

"Sijui, ndugu yangu."

Tone.

"Kwa nini mwezi unatufuata?"

"Sijui."

"Mama mkwe wangu ana umri gani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Sema sijui, mzee, usiniharibie kizibo."

Alikuwa na hofu kwamba akijifunza sana wino ungeisha. Ikawa kinyume. Kila alipojua kitu kimoja, nyuma yake vilitokea vitano asivyovijua, na kidole kikafanya kazi hata Jumapili.

Herufi alizishika kama alivyoshika funguo, kwa umbo la meno yake. M ilikuwa na mianya miwili, n mmoja. T ilikuwa ufunguo wa kabati la bei nafuu. Silabi ya kwanza aliyoisoma peke yake ilimtoa jasho. Baada ya hapo hakuna aliyemtuliza. Alisoma magunia ya unga, alisoma karatasi ya sabuni, alisoma ndoo ya mchanga iliyoandikwa MOTO TU. Alikuwa wa kwanza kufika darasani na wa mwisho kufukuzwa. Juu ya mahali alipozoea kupumzika uwanjani palikuwa na kibao ambacho kwa miaka miwili alikichukulia kuwa ni jina la gereza. Siku moja aligeuka akakisoma: USIEGEMEE UKUTA. Alicheka peke yake mpaka askari akaja kuuliza kuna nini.

"Nilikuwa naegemea, afande," alisema.

"Tuliona," askari akajibu. "Tulidhani ni ukaidi."

Ofisi nayo ikazoea. Askari wa zamu wakawa wanakuja na chupa tupu za dawa. Mmoja wao, aliyekuwa msimamizi wa barua, aliuliza swali lile lile kila Jumatatu: kwa nini mke wake hamsemeshi? Kufuli alijibu kwa ukweli kwamba hajui, na rejista ya wageni ikajazwa mpaka Ijumaa. Mtunza stoo aliingiza kwenye leja: wino, chupa sita kwa mwezi, chanzo mfungwa. Fungu la kalamu likafutwa kwenye bajeti ya mwaka uliofuata.

Alipoanza kusoma kurasa nzima, Mwalimu alimshauri aombe nakala ya maelezo yake. Ilifika baada ya miezi minne. Alikaa nayo tangu hesabu ya mchana mpaka kengele ya chakula, kidole kikipita chini ya kila neno. Safari hii hakusonya popote.

"Anaandika vizuri huyu mpelelezi," alimwambia Mwalimu. "Hata koma zake zimekaa."

"Umesoma yote?"

"Yote. Sikusema hata neno moja katika haya."

Aliandika rufaa. Kusema kweli ilikuwa barua nzuri. Aliiandika mara sita, Mwalimu akiisahihisha mara tano, na ya sita hakupata pa kugusa. Alieleza kwamba siku ile hakujua kusoma, alijifanya tu, na kwamba alijifunza gerezani. Aliipeleka ofisini akitembea kama bwana harusi, na kwa wiki saba kila gari lililoingia getini alilihesabu kuwa lake.

Jibu lilikuja kwenye ukurasa mmoja. Mahakama ilisema imeisoma barua ya mwombaji kwa makini na imeridhishwa na mwandiko wake, mpangilio wa hoja zake na matumizi yake ya lugha, ambayo yanawazidi baadhi ya makarani wa mahakama hiyo. Mtu anayeandika hivi hawezi kudai kwamba hajui kusoma. Aidha, wino wa barua ulilinganishwa na wino wa alama ya dole kwenye maelezo, ukaonekana ni ule ule, jambo linalothibitisha kwamba mwombaji ndiye aliyeyakubali. Rufaa ilitupwa. Kulikuwa na mhuri.

Kufuli aliisoma mara mbili. Kisha alimsomea Mwalimu ile sehemu ya makarani, kwa sababu kwa namna fulani ilimfurahisha.

Mwalimu alivua miwani. Aliuliza ni nani nje anayeweza kuapa kwamba Kufuli hakujua kusoma.

"Hakuna."

"Hata nyumbani kwako?"

"Nyumbani ndiko nilikoficha zaidi."

"Mficha uchi hazai, Kufuli."

"Mimi nilizaa, Mwalimu. Ndiyo shida yenyewe."

Akamweleza kuhusu binti. Muhula kwa muhula mtoto alikuwa akileta ripoti ya shule. Yeye aliishika mbali kidogo na uso, akakunja paji, akapeleka macho mpaka chini. Kisha akamrudishia na kumwambia, kwa ukali wa baba, "Haya, nisomee mwenyewe, nikusikie ukikiri." Mtoto akasoma kila kitu, hata aibu zake, akiamini kwamba baba ameshaona na kudanganya haiwezekani. Alikua mkweli kwa sababu hiyo. Sasa anapima watoto uzito kliniki na kuandika kilo bila kuongeza hata nusu. Kwa majaji Kufuli aliweza kusema hakujua kusoma, majaji hawamhusu. Kumwambia binti ni kumnyang'anya baba aliyemlea.

"Na sasa ana baba gani?" Mwalimu akauliza.

Kidole kilitoa tone, likaanguka juu ya jibu la mahakama.

Kesho yake aliomba karatasi. Alianza kwa kumsalimu binti yake na kumwambia kwamba mpelelezi alimfanyia ujanja na kumbadilishia karatasi. Kufikia neno ujanja kidole kilikuwa kimekauka. Alikibana, akakipulizia pumzi, hakikutoa kitu. Akachukua karatasi nyingine.

"Mwanangu," aliandika, "siku ile sikubadilishiwa karatasi. Sikujua kusoma. Zile ripoti zako zote sikuziona, nilizisikia kwako. Nilijifanya mbele yako, nikajifanya mbele ya polisi kwa namna ile ile, na wao hawakuwa wakweli kama wewe. Ghala sikulifungua."

Wino ukaja mwingi kiasi kwamba kijiti hakikuhitajika. Aliandika kwa kidole chenyewe, mistari minene, mbio, kama mtu anayekimbilia treni. Alimweleza alivyozishika herufi kama funguo, kwa umbo la meno yake. Alimweleza ukuta na kibao. Alimuuliza uzito wa mtoto mzito kuliko wote aliyewahi kumpima. Alijaza kurasa nne, na maneno matatu aliyokosea aliyakata waziwazi, yaonekane.

Barua za wafungwa hukaguliwa zikiwa wazi. Msimamizi wa barua aliisoma yote, amesimama, na chai ikapoa. Alimwambia Kufuli kwamba rufaa ya pili hairuhusiwi kisheria, kama ndilo alilokuwa akitarajia, na kwamba yule mtunza ghala sasa ana duka lake mwenyewe la saruji, kubwa tu, hata ukuta mpya wa gereza ulijengwa kwa saruji yake. Kufuli akasema amesikia. Kwenye kifungo chake kulikuwa kumebaki miaka mitatu na miezi miwili.

"Kliniki hii ina sanduku la posta?" afande akauliza.

"Limeandikwa hapo, afande. Soma mstari wa pili."

Afande akasoma mstari wa pili. Akaikunja barua mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja, kona kwa kona. Akagonga mhuri. Kufuli, shingo ameinyoosha dirishani, akasoma tarehe kwa sauti na kukuta iko sawa. Bahasha ikatumbukia kwenye mfuko, mfuko ukafungwa kamba, na saa nne kasorobo gari la posta likatoka nao getini.