Kitufe cha Kumficha Kinyozi

Niliingia na chai, mume wangu akabonyeza kitufe. Hoteli ikatoweka kwenye skrini, pamoja na Kinyozi na yule mwanamke wa ghorofa ya juu aliyevaa taulo tu, na mahali pao likajitandaza jedwali la mauzo ya misumari, misumari ambayo haijawahi kuuzwa popote. Akakunja mikono juu ya meza.

"Hesabu ziko tayari, Bosi," akaniambia.

Nilipokwisha kuweka kikombe ndipo akatambua alichokipoteza, akaanza kulia.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa watu wazima, wa enzi za skrini zenye rangi chache. Kinyozi anaokota sidiria kwenye kiti cha saluni yake, anaingia hotelini kumtafuta mwenye sidiria, mlango kwa mlango. Unamwongoza kwa kuandika amri za maneno mawili: fungua mlango, vua kofia. Ukimwongezea la tatu, anakujibu kwamba yeye ni kinyozi, si wakili. Mume wangu aliupatia kiwandani alikokuwa karani wa hesabu, na waliouunda waliwafikiria makarani: kitufe kimoja, juu kabisa ya kibodi, kiliuficha mara mkubwa wa kazi anapotokea. Ila walisahau kuweka njia ya kurudi. Ukishaficha, umepoteza kila kitu. Unaanza upya kule chini, mapokezini.

Ugonjwa wa kusahau ulimnyang'anya kidogo kidogo. Kwanza majina ya majirani, halafu njia ya kwenda msalani, halafu binti yetu, halafu mimi. Kinyozi akabaki. Binti alituletea kompyuta mpya, tukauhamishia mchezo humo, lakini mashine ile ilikuwa na kasi mno. Lifti ilifunga milango kabla Kinyozi hajainua mguu. Tukalirudia dude la zamani, linalonguruma kama friji.

Basi nikaishi ndani ya nyumba yangu kama mwizi. Nilivua kandambili ukumbini. Chai niliiacha mlangoni, ikapoa hapo. Nilimsikia akicheka peke yake mle ndani, na nikithubutu kuchungulia tu, kicheko kinakatika, misumari inarudi, machozi yanafuata. Yule mwanamke wa taulo, aliyechorwa kwa miraba ya waridi, alikaa naye kutwa, mimi niliogopwa. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe, kiumbe asiye hata na vidole.

"Litupe hilo," wifi yangu alisema. "Kaka yangu anamalizia umri wake na picha za uchi, na wewe unampelekea chai!"

"Nikilitupa, wifi, atabaki na nini?"

Nikampigia simu rafiki wa zamani wa mume wangu, mtunza stoo wa kiwandani, kumuuliza kama mchezo ukishafichwa unaweza kurudishwa.

"Hakuna kurudi, shemeji," alisema. "Tulihangaika nao sote."

"Basi nifanye nini? Nimechoka kuwa bosi."

"King'oe," akasema. "King'oe hicho kitufe."

Wifi alipompeleka kaka yake kuoga, nikachukua kijiko. Kitufe kiliruka pamoja na kijipira chake, kikapotelea chini ya kabati. Sikukitafuta.

Alasiri nikaingia na chai. Kidole chake kikaenda palepale, kikabonyeza shimo. Kikabonyeza tena. Mwanamke wa taulo hakuondoka. Aliendelea kukonyeza jicho lake moja. Mume wangu akasimama.

"Bosi, usinifukuze. Nina mke nyumbani."

Nilikiweka kikombe chini kabla chai haijanimwagikia.

"Mke gani?"

"Anacheka vibaya huyo, mpaka ashike ukuta. Nikimpelekea habari ya kufukuzwa atanyamaza. Na mimi, Bosi, nyumba yenye kimya siiwezi."

Ningeweza kumwambia kuwa ni mimi. Siku za mwanzo nilimwambia sana, na kila mara alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni aliyepotea njia.

"Sikufukuzi," nikasema. "Kaa."

Alikaa. Baada ya muda akanisogezea stuli. "Basi nisaidie. Mlango huu umenishinda."

Nikaandika: bisha hodi. Kinyozi akajibu kwamba hajui maana yake. Mume wangu akacheka. Nilikuwa chumbani, ubavuni pake, na alicheka.

Nikabaki bosi wake. Kila siku nilimuuliza habari za mkewe, naye akanisimulia: anavyomchomolea mto usingizini, anavyogombana na redio. Mengine yalikuwa kweli. Mengine nilitamani yangekuwa kweli.

Mchana mmoja, wingu likiwa limefunga, aliizima mashine mwenyewe, akaomba ruhusa ya kutoka mapema.

"Mke wangu hapendi nikinyeshewa," alisema.

Nikamruhusu. Akavaa koti, akanipa mkono wa kuagana, akaenda jikoni, akaketi mezani. Akavuta kiti cha pili, akakifuta kwa kiganja, akakaa anautazama mlango.

Nilisimama ukumbini mpaka mvua ikaanza, nikishindwa kuingia, nisije nikawa bosi tena.