Sauti ya Cherehani

Wenzake mnadani walimwita Cherehani, na hawakumsingizia. Miaka ishirini na mitatu alisimama juu ya sanduku akinadi makabati, majokofu na pikipiki za mtumba, mdomo ukienda trrrr bila kituo, mpaka mtu aliyekuja kutafuta kiti anajikuta amenunua kitanda. Nyumbani ndiyo usiseme. Mkewe alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi nguo za watu hapo hapo uani, na kila siku alimwambia, "Bwana wee, meza mate kwanza!" Basi maradhi nayo, kwa ukorofi wake, yakaanzia mdomoni.

Yalikuwa maradhi ya mishipa ya fahamu. Daktari hakuzungukazunguka: ulimi utakwenda, kisha mikono, kisha kifua, na dawa hakuna. Akawashauri waihifadhi sauti mapema. Cherehani akakaa wiki tatu akisoma sentensi mbele ya laptopu, ulimi ukiwa umeshaanza kuburura. Laptopu yenyewe waliichagua nyembamba na nyepesi, isije ikamlemea mapajani. Programu ikaishika sauti yake, hata kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo. Ulimi ulipokufa kabisa akawa anaandika, mashine inasema. Siku ya kwanza ilipomwita mkewe, mama wa watu alilia mpaka akachoka.

Shida ikawa mwendo. Prosesa ya laptopu ile, ndiyo ubongo wake, ilikuwa ndogo, na kuitoa sauti ya mtu ni kazi nzito. Anaandika sentensi, feni inaunguruma, chini kunachemka, dakika nzima inapita, ndipo neno linatoka. Utasema dakika ni nini. Kaa mezani na watu, nyamaza dakika moja kabla ya kila jibu, uone kama kuna atakayekukumbuka! Ndugu yake akija Jumapili kusimulia uongo wake wa ujanani, Cherehani anaandika kumsuta, na jibu lake linafika watu wameshahamia kwenye habari za jirani aliyefiwa. "Muongo mkubwa wewe, ulimkimbia mbwa!" inasema mashine, na wote wanatazamana. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakawa wanasema, "Ngojeni, kaka ana neno," halafu hawangoji. Mkewe naye akajizoesha: akiisikia feni anakwenda kufanya kijikazi, kunyoosha kola mbili au kusuuza sufuria, kisha anarudi kupokea neno lake.

"Wabadilishe prosesa," mashine ilisema asubuhi moja.

"Unataka kukimbilia wapi?" mkewe alimuuliza.

Feni ikaunguruma. Dakika ikapita. "Kubishana na wewe. Siku hizi unashinda bure."

Alicheka, akaifunga laptopu kwenye taulo, akaipeleka kwa fundi.

Fundi alikuwa msichana mwenye miwani ya kukuzia, kibanda chake chembamba hata wateja wawili hawaenei. Akafungua mfuniko wa chini, akapuliza vumbi, akamwita asogee.

"Mama, zile kubwa za zamani prosesa unaichomoa, unapachika nyingine. Hizi nyembamba wameilehemu humo humo. Ukitaka yenye nguvu, natoa ubao wote wa ndani, naweka mwingine. Ninao. Niachie leo, kesho uje kuichukua. Mzee akiandika, itasema papo hapo."

"Na sauti yake?"

Fundi akavua miwani. "Hapo ndipo penye kazi. Programu hii imeifunga sauti kwenye ubao huu huu. Nilishajaribu kuihamisha kwa mteja mwingine, ikagoma. Atatumia sauti iliyokuja na programu. Ni nzuri tu, ya mwanamume."

Akamsikilizisha. Alikuwa bwana mmoja mpole, maneno yamepigwa pasi, kama anayetangaza kwamba gari limechelewa.

"Huyo siye," alisema dobi.

"Najua siye, mama. Lakini atasema kwa wakati. Mwenyewe anasemaje?"

"Hili la sauti hajalijua."

"Basi nenda kamuulize. Sauti ni yake."

Akaibeba kurudi nyumbani, na njia nzima alikuwa na nia ya kuuliza, hilo nitamtetea. Lakini alipofungua mlango na kukutana na yale macho yanayongoja, alijua jibu. Cherehani angesema badilisha. Angesema mnadani hakuna anayenunua sauti, watu wananunua kasi. Na mkewe akaiona nyumba ile baada yake, kimya, pasi inafuka peke yake, na ndani ya laptopu amekaa bwana mtangazaji wa magari. Akaogopa. Tuseme ukweli: pale mlangoni hakumfikiria mgonjwa, alimfikiria mjane.

"Fundi anasema haiwezekani," alisema. "Hizi nyembamba wamezilehemu. Hakuna namna."

Alimwekea mashine mapajani. Cherehani akaandika polepole, feni ikaunguruma, dakika yake ikapita.

Kikohozi kidogo. "Haya. Basi tuzeeke na hii hii."

Mkewe akaenda uani, akafungulia bomba hadi mwisho, akalia.

Miezi minne ikapita. Mkono wa kushoto ulikwenda, wa kulia ukabaki na kidole kimoja. Kengele waliyomfungia kitandani ikamshinda kuitikisa. Akabaki na vitufe vya laptopu tu. Muuguzi aliyekuwa akija kumtazama alionya: huyu asilale chali, kifua hakitamudu, mwekeeni mito mitatu na mchunge asiteleze.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, na dobi alikuwa na beseni mbili za mashuka ya nyumba ya wageni. Alimkalisha mumewe vizuri juu ya mito, akafungua dirisha wapate kuonana, akaenda kwenye kamba. Hakukaa sana akaisikia feni.

"Sema, nakusikia!" akapaza sauti, akaendelea kuanika.

"Hilo shuka umelianika kinyumenyume," ilisema sauti dirishani. "Mnadani nisingekupatia hata mnunuzi mmoja."

Alicheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. "Si ulale, uniache na kazi yangu?"

Feni haikunyamaza. Basi kuna jingine linakuja, alijua. Kwa Cherehani neno moja halikuwahi kutosha. Akachukua shuka jingine, na jingine tena, akitaka kumaliza beseni wakati anangoja. Alikuwa na furaha. Aliwaza, na aliliwaza kwa maneno hasa, kwamba alifanya vyema kuibakiza sauti ile ndani ya nyumba.

Kikohozi kidogo. "Nimeteleza. Njoo uniinue. Sipati hewa."

Sauti haikuwa na haraka yoyote. Ilisema vile vile alivyosoma katika zile wiki tatu, kwa utulivu, kila neno na nafasi yake. Dobi alitembea hatua mbili kabla ya kuelewa alichosikia. Ndipo akatupa shuka chini na kukimbia.

Cherehani alikuwa ameshuka kutoka kwenye mito, kidevu kimezama kifuani, kidole bado kiko kwenye vitufe. Midomo ilikuwa imeshabadilika rangi, kifua hakipandi tena. Alimwinua kwa makwapa, akamtikisa, akamwita majina yake yote, akapiga kelele majirani waje. Hakuwa mjinga, na alijua ilivyokuwa. Utani ulikuwa bado unapikwa mumewe alipoandika kuomba msaada, na ombi likakaa foleni nyuma ya utani.

Jirani alipofika alimkuta dobi ameshamkalisha sawa, mito mitatu mgongoni, amemshikilia kidevu kisianguke.

"Fundi alisema inawezekana," alikuwa akimwambia mumewe. "Unanisikia? Siku ile ile alisema. Kesho yake tu ingekuwa tayari."